Mstari Mmoja Juu ya Wangu

Nina wivu. Nalitanguliza hilo, vijana wangu wa kompyuta, msije mkafika katikati mkaanza kuulizana kwa nini mama huyu anaandika kwa uchungu. Nimestaafu. Mgongo umekataa kiti cha ofisi, macho yanadai miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutafutia ile ya kwanza, lakini wivu wangu ni mzima kabisa, haujachakaa hata pembeni.

Kwanza nawaonea wivu ninyi. Mnawasha ukaguzi kabla ya kujenga kiini cha mfumo, na mashine yenyewe inapiga kelele: faili hii, mstari huu, kuna mtu ameuliza namba ya prosesa huku bado anaweza kukatizwa. Mnasoma, mnamaliza chai yenu, mnarekebisha. Ukaguzi huo ulikuwapo hata zamani zetu, msidhani tulikuwa washamba, ila visanduku vyetu vya redio vilikuwa vidogo na ukivibebesha ukaguzi vilikuwa vinazimia. Basi tuliuzima. Kiini kikianguka tulikimbia na simu kupiga picha ya skrini, na nusu ya maneno yenye maana yalikuwa yameshapanda juu na kupotea. Yaliyopotea tuliyakisia, tukagombana juu ya makisio yetu mpaka saa ya kula.

Lakini ninyi ni wivu mdogo. Wivu wangu mkubwa una jina, na jina lenyewe ni Mwamini.

Niwaeleze kazi ilivyokuwa. Ateliye yetu, yaani karakana, ilikuwa hapa Uvira, pale Mulongwe, ghorofa ya chini, milima nyuma na ziwa mbele. Tulitengeneza visanduku vya redio vya kupitisha ujumbe na sauti kati ya bandari ya Kalundu, boti, na vituo vya pwani mpaka Baraka. Wengine walishughulika na antena na betri. Mimi nilikuwa mtu wa kiini, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta ambayo mtumiaji haioni, inayogawa zamu: nani atumie prosesa, ubongo wa mashine, sasa, nani akae asubiri. Na ndani ya kiini, pangu palikuwa upande wa mtandao, mahali ujumbe unapoingia na kutoka. Nilipapenda. Mpaka leo nikisikia mtu anasema mtandao umekatika, moyo wangu unasimama kwanza, ndipo nakumbuka kwamba si kazi yangu tena.

Mkubwa wetu alikuwa Papa Sylvain, enjeniere, mtu wa Mutarule. Jumamosi alirudi shambani kwake, Jumatatu alikuja na udongo kwenye viatu na muhindi mmoja wa kuchoma kwa kila mtu. Hakufundisha kwa kuandika ubaoni. Alikusimamisha nyuma ya kiti chako, akaweka kidole kwenye skrini, mstari kwa mstari, akauliza swali lilelile: "Hapa, nani anaweza kukukatiza?" Ukijibu "hakuna", aliuliza umejuaje. Ukijibu "sijui", alikurudisha ukakae. Skrini zetu zote zilikuwa na doa la kidole chake, na hakuna aliyethubutu kulifuta.

Sifa zake zilikuwa chache. Kazi nzuri aliiambia "sawa". Kazi nzuri kupita kiasi aliiambia maneno mengine, "Hii iko kazi ya muntu mukubwa," na maneno hayo nilikuwa nimeyasikia akiambiwa mtu mwingine, si mimi. Niliyataka. Niliyataka kuliko nyongeza ya mshahara.

Mwamini alinikuta kazini. Alitoka Kalundu, katika ukoo wa wafanyabiashara Waislamu wanaoyajua maji ya ziwa hili tangu kwa babu za babu zao. Mimi ni mtoto wa wakulima wa Lubarika, Mkatoliki, mwimbaji wa sauti ya pili. Mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kuunganisha waya wa kusomea maneno ya mwisho ya mashine kabla haijazimika. Aliniita yaya, dada mkubwa, kwa heshima safi isiyo na kejeli, na heshima ile ndiyo iliyoniudhi, maana mtu wa namna hiyo hupati sababu ya kumchukia. Alitafuna karanga huku akisoma msimbo, yaani maandishi ya programu. Mimi nikisoma msimbo nilikunja uso mpaka kichwa kinauma, yeye alitafuna tu, kwa mwendo uleule, kisha akasema, "Iko hapa." Na kweli ilikuwa pale. Nilianza kuchukia harufu ya karanga.

Msidhani kwamba sikuwa na lolote. Nilijua mengi, na mengine niliyajua kwa kuumia. Wakati fulani niliweka amri ya kuchapisha maneno ndani ya sehemu ambayo haipaswi kukatizwa, ili nione kinachoendelea. Kila ujumbe ukipita, kisanduku kinasimama kuandika barua kwanza. Nahodha mmoja alitupigia simu kutoka Baraka akacheka sana: alikuwa ametuma salamu kwamba anakuja, akafika, akashuka, akala, ndipo salamu zake zikaingia. Papa Sylvain alinitazama akasema, "Nabintu, ukifunga mulango, fanya haraka, bantu bako inje." Sijaacha kuzingatia hilo, na ninyi mlizingatie: ndani ya ulinzi usichapishe, usilale, usiombe kumbukumbu ambayo huenda ikakusubirisha. Ingia, fanya, toka.

Sasa jambo lenyewe. Wenye boti walilalamika kwamba sauti kwenye redio inakatikakatika. Tukahamia kiini cha namna nyingine, kile ambacho kazi yoyote inaweza kukatizwa karibu popote ili sauti ipite kwanza. Sauti ikawa nzuri. Lakini msimbo wa mtandao tuliourithi ulikuwa umeandikwa na watu wa mbali, wakati ambapo kazi haikuweza kukatizwa mahali pale. Haukuwa mbovu siku ulipoandikwa. Sisi ndio tuliobadilisha nyumba tukauacha humohumo.

Dalili zikaanza. Nahodha aliye kati ya Kalundu na Baraka anauliza kama mafuta yamefika bandarini, anajibiwa kwa nusu ya salamu za mtu mwingine kwa mke wake. Wote wawili wanakasirika, na mke pia. Kisha kisanduku kinaganda, fundi anapanda mlingoti kukizima na kukiwasha. Mnalijua ziwa letu upepo wa mchana unapoanza. Boti isiyo na redio saa hiyo haina wa kuiambia kwamba mawimbi yamechafuka mbele. Hakuna aliyekufa, Mungu alitusaidia, ila manahodha walianza kusema wazi kwamba wataturudishia visanduku vyetu.

Papa Sylvain akatukusanya. Akasema hitilafu hii si yetu peke yetu, kila mwenye kiini cha namna hii atakutana nayo, kwa hiyo atakayeitibu atatuma kiraka, yaani marekebisho yake, kwa watunzaji wa kiini, wale walioko duniani kote, na jina lake litaingia humo. Hakuna mtu wa ateliye yetu ambaye jina lake lilikuwa limewahi kuingia. Nilimtazama Mwamini. Alikuwa akimenya karanga.

Nilitafuta kwa nguvu zangu zote. Hebu fikirini kisanduku kina prosesa kadhaa, na kila moja ina rundo lake la bahasha tupu za kutilia ujumbe, na hakuna kufuli kwenye rundo, kwa sababu rundo ni la prosesa hiyo tu. Kazi inauliza, "Niko kwenye prosesa ipi?" Inaambiwa, inakwenda kwenye rundo lile, inachukua bahasha. Ikikatizwa katikati ya kuchukua, mwingine anakuja anachukua bahasha ileile, na barua mbili zinaingia pamoja. Hayo niliyaona mimi, wa kwanza, peke yangu, na Mwamini mwenyewe hajawahi kulikana hilo. Nikaweka ulinzi: mstari mmoja wa kusema usinikatize, chini yake kuchukua bahasha, chini yake mstari wa kusema sasa ruhusa. Juu ya ulinzi wangu ulibaki mstari mmoja wa zamani, ule wa kuuliza niko kwenye prosesa ipi. Sikuugusa. Lile ni swali tu, nilijiambia, na swali haliharibu kitu.

Papa Sylvain aliweka kidole chake kwenye ulinzi wangu akashuka nao. Hapa nani anaweza kukukatiza? Hakuna, Papa, nimefunga. Na hapa? Hakuna. Na hapa? Hakuna. Akasema "sawa". Nilisubiri yale maneno mengine, hayakuja, nikajiambia yatakuja.

Visanduku vikatulia. Nikatuma kiraka kwa watunzaji wa kiini. Wakanirudisha nipange nafasi vizuri na nifupishe maelezo, kisha wakakipokea. Jina langu likaingia. Niliwaeleza wanakwaya wenzangu baada ya mazoezi, hawakuelewa hata neno moja, wakapiga vigelegele. Ateliye tulikula samaki, mikebuka ya kukaanga, na Mwamini akanishika mikono yote miwili akasema, "Nafurahi sana juu yako, yaya." Alifurahi kweli. Niliutafuta wivu usoni mwake kwa makini, kama anayetafuta mwiba kwenye samaki, sikuupata.

Hitilafu ilirudi. Ilirudi kwa nadra, na ile ya nadra ndiyo mbaya, kwa sababu inakuachia nafasi ya kujidanganya. Nililaumu antena. Nililaumu betri, mvua, mikono ya nahodha. Nilisema mtu wa mlingoti hakukaza nati. Mwamini alianza kuufungua ule msimbo wangu na kuusoma, na nilipopita nyuma yake niliiona skrini nikajifanya sijaiona.

Hapo ndipo Mwamini alipotualika kwenye harusi ya kaka yake, kwao Kalundu. Nilikwenda nimevaa vizuri, ili walau pale nionekane. Nyuma ya nyumba sufuria kubwa za pilau zilikuwa zimepangwa motoni, wanawake wanasogezasogeza kuni, wanabadilisha sufuria, hii imeshika moto kupita kiasi iende kule, ile ije huku. Katikati yao alisimama shangazi yake Mwamini, Shangazi Zuhura, bakuli la chumvi mkononi, kitenge amekifunga kiunoni kwa fundo kubwa.

Kwetu Lubarika mtu akikusalimu ukiwa shambani unaweka jembe chini, unafuta mkono, unampa. Kumwacha mtu na salamu yake mdomoni ni tusi. Nikamsalimu shangazi kwa sauti. Hakugeuka. Nikamsalimu tena, nikitaja na jina lake. Hakugeuka. Wasichana waliokuwa wakiosha sahani wakacheka.

Mwamini alikuja mbio na sahani yangu ya chakula.

"Yaya, umusamehe. Shangazi anafunga kitenge. Akiisha kufunga vile, haitike muntu, hata mama ya bwana harusi."

"Juu ya chumvi?"

"Juu ya chumvi. Zamani alikuwa nauliza kwanza: sufuria gani haina chumvi? Banamwambia, ile ya ku ukuta. Kisha muntu anamuita, anaenda kusalimia. Akirudi, bantu ba moto bamekwisha kuhamisha masufuria. Minye nilikuwa mutoto, nakumbuka. Akaenda mupaka ku ukuta, akatia. Ilikuwa ingine, ilikuwa na chumvi yake tayari. Bageni ba Bujumbura bakakunywa maji yote ya nyumba." Alicheka. "Sasa anafunga kitenge kwanza, njo anauliza. Anatia, anafunika, anafungua fundo. Hapo unaweza..."

Alikuwa ameshika sahani yangu, na hakunipa. Alimtazama shangazi yake, akatazama zile sufuria, kisha akatazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nilidhani ameona haya kwa niaba ya ukoo wake, na nikafurahi kwamba ameona haya. Nilikula pilau ile nikinung'unika moyoni juu ya watu wasioitikia salamu. Ilikuwa tamu, na hilo nalo liliniudhi.

Mnaona? Nilikuwa pale. Niliusikia mkasa wote, kwa masikio haya. Tulitazama sufuria zilezile kwa wakati uleule. Yeye aliona hitilafu yetu, mimi niliona tusi.

Jumatatu nilimkuta amesimama nyuma ya kiti chake, na kidole cha Papa Sylvain kiko kwenye skrini.

"Papa, ulinzi wa yaya uko muzuri," alikuwa akisema. "Ila tu unachelewa."

"Unachelewa namna gani?"

"Tuko tunauliza kwanza, njo tunafunga. Mu katikati kazi inaweza kukatizwa, inarudi ku prosesa ingine, na jibu iko ileile ya kwanza. Inaenda kukamata bahasha ku rundo ya bengine. Banahamisha sufuria, Papa, na weye bado unawaza ku ukuta."

"Sufuria gani tena?"

Akamweleza habari za shangazi. Papa Sylvain alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akaweka kidole chake juu zaidi ya alipoanzia siku yangu, kwenye lile swali. "Hapa, nani anaweza kukukatiza?" Mwamini akajibu kwamba sasa hakuna, maana ameupandisha mstari wa ulinzi. Ndicho alichofanya. Aliuchukua mstari wangu, akaupandisha mstari mmoja juu. Hakuongeza neno lingine kwenye msimbo.

Papa Sylvain akaondoa kidole kwenye skrini. "Hii iko kazi ya muntu mukubwa," akasema.

Nilitoka nje nikasimama karibu na jenereta, mahali ambapo kelele inamfaa mtu asiyetaka kusikilizwa. Maneno yale yalikuwa yangu. Nilikuwa nimeyasubiri, nimeyafua na kuyapiga pasi, na yalipokuja yalimpita mwenye kiraka yakaenda kwa mwenye karanga. Sitaki kujifanya kwamba nilijisikia vingine.

Halafu kulikuwa na desturi ya watunzaji wa kiini, ambayo ninyi mnaifuata bila kuifikiria. Kiraka kinachorekebisha kingine lazima kitaje kile kinachorekebishwa. Kwa hiyo chini ya maelezo ya Mwamini ikaandikwa namba ya kiraka changu, na kichwa chake, kile nilichokitunga mimi kwa uangalifu mkubwa, na kabla yake neno moja la kusema kwamba hiki ndicho kinachotibiwa. Kabla ya kutuma, Mwamini alikuja kwenye meza yangu.

"Yaya, naweza kubandika na jina yako pamoja na yangu? Maana ulinzi ni wako."

Niliona ananipa sadaka mbele ya watu. Nikamwambia hapana, kazi ni yake, atume. Nilisema kwa tabasamu. Alituma. Visanduku havikuganda tena kwa sababu hiyo, na mke wa yule nahodha akaanza kupata salamu zake mwenyewe.

Basi lishikeni hili. Jibu la swali la niko wapi linaoza mara tu unapoweza kusogezwa. Funga kwanza, uliza baadaye, tumia jibu humohumo ndani, na ukifungua ulisahau kabisa, usilibebe mfukoni kwenda nalo mbele. Na hitilafu ikipungua bila kuisha, hujaiponya, umeisogeza tu. Wanaowaambia kwamba imetulia waulizeni imetulia kwa nani.

Papa Sylvain alipostaafu kwenda kulima moja kwa moja, kiti chake alimwachia Mwamini. Mnataka niseme nini hapo? Nilimfanyia kazi miaka mingi, tukaelewana, nikatengeneza mengine mazuri ambayo sitayaeleza leo kwa sababu hayanichomi. Nilistaafu kwa heshima, nikapewa saa ya ukutani.

Lakini kila asubuhi, baada ya chai, nilikuwa nafungua kompyuta na kuitazama faili ile. Kuna amri ya kuonyesha kila mstari uliandikwa na nani. Naiendesha, nashuka mpaka pale, naangalia: mstari wa ulinzi, Mwamini. Swali, mtu wa zamani. Kuchukua bahasha, mtu wa zamani. Sikuangalia zaidi ya hapo. Nilikuwa kama mtu ambaye kila akienda sokoni lazima apite mbele ya nyumba ya mchumba aliyemkosa. Binti yangu aliniuliza mbona nasaga meno. Nikamwambia ni habari za siasa.

Sasa juzijuzi nimefungua, nimeshuka, mstari haupo. Nikapanda, nikashuka tena. Sehemu yote imeandikwa upya. Siku hizi hawaizuii kazi kukatizwa. Wanaliwekea kila rundo kufuli lake dogo, ukikatizwa shauri yako, rundo lako lina kufuli. Mstari wa Mwamini umefutwa kama kijasho.

Jamani, nilifurahi. Nilivaa kitenge cha Pasaka. Sikusoma hata nani aliyefuta, nilikuwa na haraka ya kupeleka habari. Nikachukua pikipiki mpaka Kalundu, upepo wa ziwa unanipiga usoni, nikawa napanga sauti ya kutumia: ya huruma, lakini isizidi.

Mwamini alikuwa uani kwake, sufuria mbili motoni, maharage na mchele. Nywele zake nyeupe sasa kama zangu. Alikuwa na chumvi mkononi na kitenge amekifunga kiunoni kwa fundo kubwa. Nikasimama karibu na ukuta nikafunga mdomo. Habari ilinijaa mpaka kooni, lakini sikusema. Akatia chumvi, akafunika, akafungua fundo.

"Karibu, yaya. Aksanti kwa kungoja."

"Mwamini," nikasema kwa ile sauti niliyoipanga, "baliufuta mustari wako."

"Najua. Ni minye niliufuta."

Nilitafuta mahali pa kukaa.

"Weye mwenyewe?"

"Ndiyo. Haukukuwa tena na kazi. Iko njia mupya, iko nyepesi, sauti inapita muzuri zaidi. Yaya, haukusoma jina?"

"Na haikukuuma?"

Alinitazama kama anayesubiri niseme jambo lingine. "Kuuma nini? Ni mustari, yaya. Na wa chini nao, wa kufungua, niliufuta. Ule ulikuwa na jina yako. Nilidhani ni juu ya ule umekuja."

Wa chini. Miaka yote ile. Yeye alipandisha mstari wa juu tu. Wa chini, ule wa kusema sasa ruhusa, hakuugusa, ulibaki pale pale na jina langu, mistari michache chini ya macho yangu, na mimi kila asubuhi niliishia kwenye jina lake nikafunga kompyuta. Sasa nimeujua siku ambayo haupo.

Nikamuuliza lile nililokuwa nimelibeba tangu siku ya mikebuka.

"Mwamini, uniambie kweli. Hata siku moja, weye haukunioneaka wivu?"

Alifikiri. Nataka mjue kwamba alifikiri kwa haki kabisa, kama anayetafuta kitu kwenye kabati ili amfurahishe mgeni.

"Hapana, yaya," akasema. "Sikukuwa na wakati."

Hakukuwa na ubaya ndani yake hata tone. Na wivu wangu, ambao nilidhani umekuja Kalundu kuzikwa, ukapata chakula kipya pale pale. Nimemwonea wivu kwa mstari, kwa maneno ya Papa Sylvain, kwa kiti. Vyote hivyo ni vidogo. Sasa namwonea wivu kwa hilo.

Akapakua. Mchele chini, maharage juu, akaniwekea mimi kwanza kwa sababu mimi ni yaya. Nilichukua kijiko, nikatafuna taratibu, nikiomba kimoyomoyo chumvi iwe imezidi.

Haikuzidi. Nikamwomba aniongeze chakula.